Mama Mkwe Amepumzika, Karibuni Nyote

Mlioniacha wiki iliyopita nikiwa nimening'inia kwenye boriti la karakana yangu, nawashukuru kwa salamu. Nilishuka salama. Kochi ndilo lililovunjika, na video yake ikatazamwa na mke wangu, na mimi mwenyewe, na mtu mmoja wa mbali aliyeandika, "Pole."

Kwa wewe unayeanza leo, jua hivi tu. Mimi ni fundi wa makochi. Nilikuwa na wateja wa kunitosha mpaka ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka la samani za nje, lenye vioo kuanzia chini hadi juu. Mwenye duka mtaa mzima unamwita Bosi wa Vioo. Anauza makochi mepesi kama mikate, na wateja wangu wakavuka barabara mmoja mmoja bila hata kugeuka nyuma.

Ndipo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akahamia kwetu. Alikuwa mpiga video za harusi, akafukuzwa kazi kwa sababu alirekodi harusi nzima na bwana harusi hakuonekana hata mara moja. Anajiita Dairekta.

"Shemeji," aliniambia, "siku hizi mtu akitaka hata sindano anaiangalia kwanza kwenye simu. Kama kwenye simu humo, hupo."

Nikamsikiliza. Mateso yangu yalianzia hapo. Video ya kwanza niliongea mwenyewe, kwa kirefu, juu ya misumari. Ya pili ndiyo ile ya kuruka juu ya kochi kuonyesha uimara wa springi, nikaishia kwenye boriti.

Ya tatu nilikuwa nimejiapiza nisiisimulie, maana inamhusu mama mkwe. Lakini wengi wenu mmeshaiona, kwa hiyo bora mnisikie mimi.

Mama mkwe alifika Jumatatu asubuhi na begi kubwa. Nikalipokea kwa adabu, nikajiandaa kwa uzito. Lilikuwa jepesi kama kofia.

"Mama, mbona begi halina kitu?"

"Litajaa wakati wa kuondoka," akasema, akaingia ndani.

Nikadhani anazungumzia zawadi. Nikamfuata mke wangu jikoni tupange tumpe nini.

"Amekuja kunichukua," mke wangu akasema bila kugeuka. "Amesikia ulining'inia kwenye dari."

"Nani kamwambia?"

"Ile video. Yule mtu wa mbali aliyeandika pole ni jirani yake."

"Na wewe umemjibuje?"

"Nimemwambia asubiri."

"Asubiri nini?"

"Fundi," akasema. Mke wangu huniita Fundi akiwa amechoka na mimi. "Asubiri nione kama kazi ipo au haipo. Mimi niliolewa na fundi, sikuolewa na dari."

Kuna jambo moja mlijue kuhusu mama mkwe. Halali. Tangu baba mkwe afariki, yule mama anajilaza, anafumba macho kidogo, kisha anakaa. Alipewa dawa, zikamfanya aone mara mbili lakini usingizi hakuuona. Watoto wake wamezoea kumkuta ameketi kitandani asubuhi, amejifunga vizuri, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mke wangu analia kwa hilo. Mwulize anataka nini katika dunia hii, hatakutajia nyumba wala gari. Atakwambia anataka amwone mama yake amelala usingizi wa maana, basi.

Sasa Dairekta hakuona mama aliyekuja kuvunja ndoa. Aliona sura.

"Kosa letu, shemeji, tumekuwa tukijisifu," akaniambia. "Mtu akijisifu, watu wanapitisha kidole, wanakwenda kwa mwingine. Tunataka ushuhuda. Mtu wa kweli akae kwenye kochi, aseme ya moyoni. Sekunde tatu za kwanza ndizo zinazoamua. Zikipita hujamshika mtu, umemkosa."

"Mteja tutamtoa wapi?"

Akamwangalia mama yake, aliyekuwa anakagua mishono ya mito yangu kwa ncha ya kidole.

"Huyo hajawahi kununua kochi kwangu," nikasema.

"Ndiyo maana ataaminika."

Tulisogeza kochi karibu na dirisha, kwa sababu Dairekta alisema taa yangu inamfanya mtu aonekane ametoka mochwari. Nikazima cherehani. Nikafunga mlango kuzuia honi za barabarani. Kochi lenyewe lilikuwa la kawaida, la watu watatu, kitambaa cha kijani ambacho aliyeagiza alikikana alipokiona. Dairekta akaisimamisha simu kwenye kigoda, akaiegemeza kwenye kopo la gundi. Mke wangu akasimama nyuma yake, na mimi nikajificha nyuma ya mke wangu.

"Mama, ongea kama unavyoongea nyumbani," Dairekta akasema. "Huyu fundi, mkweo, unamwonaje?"

Mama mkwe aliitazama simu. Akamtazama binti yake. Halafu akanitazama mimi, na hapo macho yake yalikaa kidogo.

"Huyu mkwe wangu," akaanza, "mimi ukweli wangu ni kwamba..."

Macho yakafumba. Kichwa kikaegemea nyuma, mdomo ukaachama, na kutoka kifuani mwake kukaja mkoromo mzito, wa taratibu, kama mtu anayeburuta meza chumba cha pili.

Mke wangu aliziba mdomo kwa kiganja na machozi yakaanza kumtoka.

"Mama amelala," akaninong'oneza. "Umeona? Mama amelala."

Alinishika mkono. Hakuwa amenishika mkono tangu lile duka la vioo lifunguliwe. Tukatoka kwa kunyata, tukamwacha pale mpaka jua likawa kali. Siku hiyo nilikula chakula cha moto.

Dairekta alikaa na simu yake akaitengeneza video. Sauti aliitoa, kwa sababu, alisema, ule ukweli wa mama ulikuwa unaelekea kubaya. Badala yake akaweka muziki wa kinanda, wa polepole. Halafu akaweka maandishi, maana watu wengi wanatazama kazini na hawataki bosi asikie. Akanisomea wakati nakata sponji. Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuwa nasikiliza.

Aliandika hivi: HATIMAYE MAMA YETU AMEPUMZIKA. KARIBUNI NYOTE KARAKANANI KWA FUNDI MAKOCHI, MKABALA NA DUKA LA VIOO.

"Umeona," akasema. "Maneno machache, hisia, na mwisho unamwambia mtu afike wapi. Wengi wanasahau hiyo ya mwisho."

Kesho yake nilipofungua mlango nilikuta watu. Watu wengi, wamevaa nguo za heshima, wamesimama kimya mbele ya karakana yangu. Moyo ulinidunda kwa furaha.

"Karibuni," nikasema. "Karibuni sana. Ndiyo nafungua."

Mzee mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Jikaze, baba."

"Najikaza, mzee wangu. Nyakati ni ngumu lakini najikaza."

"Aliugua muda mrefu?"

"Nani?"

"Marehemu."

Kabla sijajibu, mama mkwe akatokea nyuma yangu na kikombe cha chai mkononi. Akawatazama wale watu. Wengi wao walikuwa ndugu zake.

"Kulikoni jamani?" akauliza. "Mmefiwa na nani?"

Watu wakatazamana. Yule mzee akavua kofia.

"Na wewe, dada."

Mama mkwe alilipokea jambo hilo polepole. Alikunywa chai kidogo.

"Basi poleni," akasema. "Ingieni mkae, msisimame juani."

Wakaingia. Sijawahi kuona karakana yangu imejaa vile. Walikaa kwenye makochi yaliyokwisha, kwenye yasiyo na mito, kwenye fremu tupu, na waliokosa nafasi wakakalia mabunda ya sponji. Tatizo likawa hakuna aliyejua aseme nini. Walikuwa wametoka mbali kuja kufariji, na aliyekufa ndiye anayewagawia chai. Baadhi yao waliamua kuendelea na msiba, kwa kuwa walishakuja. Bibi mmoja alimwambia mama mkwe machoni kabisa kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, mwenye huruma, na hakuwa na makuu.

"Kweli?" mama mkwe akauliza, akavuta kiti karibu yake.

Mke wangu akanivuta kwenye kona ya mbao.

"Fundi. Umemuua mama yangu kwenye simu."

"Ni mdogo wako aliyeandika."

"Karakana ni ya nani?"

Nikaenda kuongeza maji ya chai.

Ndipo akaingia Bosi wa Vioo. Suti nyeusi, tai nyeusi, uso umeandaliwa. Ushindani ni ushindani, lakini kwenye msiba jirani huja. Akatafuta pa kukaa. Palikuwa wazi mahali pamoja tu, kwenye kile kochi la kijani, kwa sababu kila mtu alikuwa ameliona kwenye video na hakuna aliyetaka kukaa pale mtu alipokatia roho. Yeye hakuwa ameiangalia vizuri video. Akakaa.

"Nimesikitika sana, jirani," akaniambia. "Yaani jana tu nilimwona mama akivuka barabara, nikajisemea, huyu mama..."

Kichwa kikaanguka kifuani. Bosi wa Vioo akalala.

Hakusinzia, alilala. Alikoroma mpaka tai ikawa inapanda na kushuka. Baadaye mfanyakazi wake alivuka barabara kuja kumwita, eti kuna mteja anasubiri. Alimtazama bosi wake, akamwita kwa sauti ya chini, akamgusa kwa kidole kimoja. Halafu akasimama pale mikono nyuma, asijue la kufanya, kwa sababu hakuwahi kumwona akiwa amefunga mdomo kwa muda mrefu hivyo. Ingawa, kwa kweli, ulikuwa wazi.

"Kochi hili lina nini?" yule mzee akauliza.

Waombolezaji wote wakaligeukia. Dairekta alikuwa ameshatoa simu.

Safari hii maandishi yalisomwa mbele ya ukoo mzima kabla ya kwenda popote. Aliyeyaandika ni mke wangu: MAMA HAJAFA. ALILALA TU. NA HUYU JIRANI NAYE HAJAFA. Pichani Bosi wa Vioo amelala chali ndani ya suti yake ya msiba, pembeni yake marehemu anakunywa chai.

Hiyo ndiyo iliyosambaa.

Sikujua kusambaa ni nini mpaka nilipoona watu wasionijua wananisalimia kwa jina la biashara. Wakaanza kuja. Lakini wateja, ndugu zangu, sikuwaona. Walikuja wasiolala. Dereva wa malori aliyesahau kulala kunavyokuwa. Mama wa mapacha. Mwalimu wa hesabu mwenye macho mekundu. Walikuja na mito yao kwapani, wakapanga foleni, wakakaa kwenye kochi la kijani, na wakalala. Kweli kabisa. Mmoja akiamka, mwingine anakaa.

"Nauza," nikamwambia yule mwalimu alipoamka. "Naweza kukutengenezea la kwako, ulipeleke nyumbani."

"Nyumbani la nini?" akajibu, anajinyoosha. "Nyumbani ndiko kunakoninyima usingizi."

Nikawa mgeni katika karakana yangu. Nikishika msumeno, watu wananisonya. Nikiwasha cherehani, mtu ananyanyua kichwa na kusema, "Fundi, kuna watu wamelala." Ikafika mahali nikaifunga nyundo yangu kitambaa, nikawa napigilia misumari kama mwizi. Bosi wa Vioo naye akawa anavuka barabara kila baada ya chakula cha mchana.

"Niko hapa kama jirani," alisema kila mara kabla ya kuvua viatu. "Sijaja kama mteja."

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mfalme. Zamu yake ilikuwa alasiri, na hakuna aliyethubutu kuidokoa. Anakaa, anatengeneza kanga yake, anafumba macho, mkoromo unaanza, Dairekta anarekodi. Watu walimpenda. Waliandika kwamba wakimwona yule bibi akilala na wao wanahisi kope nzito. Mke wangu akawa anaimba jikoni. Begi lilisukumwa uvunguni. Mimi nikaitwa "mume wangu" mbele za watu, na nikajifanya nimezoea.

Kazi tu ndiyo haikuwepo. Hata oda moja. Mpaka ilipoingia simu ya yule mama.

Ana mabasi, yule mama, na vituo vya abiria katika miji mingi. Nitamwita Mama Mabasi, naye hatakasirika, ameitwa vibaya zaidi ya hapo.

"Abiria wangu wanagombana," akasema, bila salamu ndefu. "Wanagombania viti, wanagombania kivuli, wanagombana na saa ya ukutani. Nimeona hao watu wako wamelala kama watoto wachanga. Nataka makochi hayo, vituo vyote."

Nilikaa chini kwenye bunda la sponji. "Sawa, mama. Nitakutengenezea."

"Kama hilo hilo. Sitaki linalofanana nalo. Na nitakuja mwenyewe Alhamisi nimwone huyo mama kwa macho yangu. Video inaweza kudanganya."

Nilimwambia mke wangu. Alinikumbatia hadharani, mbele ya dereva wa malori.

Nikaingia kazini. Nikatengeneza kochi la pili. Mbao zile zile, sponji ile ile, springi kutoka katoni ile ile, kijani kile kile. Nikamkalisha Bosi wa Vioo. Alikaa alasiri nzima macho makavu, akanisimulia maisha yake tangu shule ya msingi, akafikia hata kukiri kwamba makochi yake hayamalizi mwaka. Nikamkalisha mwalimu wa hesabu. Aliinuka na kichwa kinamuuma.

"Labda ni mwanga," Dairekta akasema, akalisogeza dirishani.

Haukuwa mwanga. Ilinibidi nilifungue lile la kwanza nijue nilifanya nini humo ndani. Nikamdokeza mke wangu.

"Ukiligusa kochi la mama," akasema, bado anatabasamu, "lile begi nitalijaza mwenyewe."

Alikuwa hatanii. Namjua anapotania.

Alhamisi ikafika. Niliwaambia wasiolala wote kwamba leo kuna ukaguzi, waje kesho. Waliondoka wakinung'unika na mito yao. Mke wangu alivaa gauni lake la sherehe akaenda stendi na Dairekta kumpokea Mama Mabasi. Dairekta alipanga kurusha mapokezi yote mubashara, kuanzia mgeni anaposhuka kwenye gari hadi anapomkuta mama amelala. Aliniachia agizo moja tu, mlango usifungwe kwa ndani.

Mama mkwe alikaa mapema. Kanga, macho, mkoromo.

Nikasubiri kidogo. Kisha nikachukua kisu na koleo, nikalala chali sakafuni, nikajiingiza chini ya kochi kama fundi wa magari. Nikang'oa pini za kitambaa cha chini moja moja, kila moja nikiisindikiza na mkoromo ili isisikike. Nikaingiza mkono. Mikanda. Gunia. Springi. Nikapapasa kila kona, nikanusa, nikavuta kipande cha sponji nikakitazama kwenye mwanga. Hakuna kitu. Lilikuwa kochi kama makochi yangu mengine yote.

Mkoromo ukakoma.

"Mkwe," sauti ikasema juu yangu, kwa upole. "Unatafuta nini chini yangu?"

Niliwaza kusema naokota msumari. Lakini unapokuwa chali chini ya mama mkwe wako, uongo hauji kirahisi.

"Mama, natafuta usingizi."

"Hutaupata humo," akasema. "Mimi mwenyewe sijalala humu hata lepe."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Hata siku ya kwanza?"

"Hata siku ya kwanza. Siku ile nilitaka kusema nimekuja kumchukua mwanangu, mume wake anaruka juu ya makochi kama nyani. Ndiyo maneno niliyotoka nayo nyumbani. Nikamtazama mtoto, nikaona uso wake. Na wewe ulikuwa nyuma yake kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Ukweli ukanishinda kuutoa. Na kusema uongo mbele ya simu siwezi, nina umri. Nikafumba macho. Nikajua mtanitikisa, tutacheka, yataisha. Mara namsikia mtoto analia, mama amelala, mama amelala. Sasa hapo ningeyafumbua vipi?"

Springi moja ilinigusa paji la uso. Sikuiondoa.

"Lakini wale wengine, mama. Bosi wa Vioo. Mwalimu."

"Hao wanalala kweli, nimewachunguza vizuri. Wananiona mimi nimelala hapa, kwa macho au kwenye simu, na wao wakikaa hapa hapa wanalegea. Bosi wako siku ile alikuwa amechoka tu, anayejua ni mkewe. Humu ndani aliye macho ni mimi peke yangu."

Nikaanza kuelewa, na nilivyozidi kuelewa ndivyo jasho lilivyozidi kunitoka. Kochi la pili halikuwa na kasoro. Lilikosa mama mkwe.

"Kwa hiyo yule mama wa mabasi..."

"Ukimuuzia makochi, itabidi uniuze na mimi," akasema. "Kila kituo."

Nikatoa kichwa nje nimwone. Alikuwa ameketi wima, mikono magotini. Kwa mara ya kwanza niliona jinsi macho yake yalivyoingia ndani.

"Nimechoka, mkwe. Kujifanya umelala kunachosha kuliko kufua. Lazima uhesabu pumzi, usimeze mate, nzi akitua umwache. Nikitoka hapa najilaza kitandani, nakodoa macho, nakusikiliza wewe ukilala kweli. Leo nitamwambia mwanangu."

"Mama, leo isiwe. Nakuomba. Kesho."

"Kesho utaniambia kesho."

"Akijua, ataumia. Siyo kwa sababu ya oda. Mama, amekuwa akiimba."

Aliitengeneza kanga yake, ingawa ilikuwa sawa.

"Unadhani mimi sijamsikia?" akasema.

Mlango ukafunguliwa.

Dairekta aliingia kinyumenyume, simu juu, anawaambia watazamaji wakaribie wajionee. Nyuma yake Mama Mabasi, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Nyuma yake mke wangu na gauni lake la sherehe.

Mama mkwe hakuwahi kufumba macho. Mimi sikuwahi kutoka. Nilikuwa nusu ndani nusu nje, kisu mkononi, kitambaa cha chini kimening'inia kama ulimi.

"Fundi," mke wangu akasema.

Mama Mabasi hakujishughulisha na mimi. Nadhani ameona mengi kwenye vituo vyake. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya mama mkwe, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nilisema nataka nikuone ukilala. Njiani nimebadili mawazo. Kulala mtu anaweza kuigiza. Mimi nimefanya biashara na watu maisha yangu yote, nikimtazama mtu machoni akaniambia neno, najua. Niambie wewe. Kochi hili linakulaza, au halikulazi?"

Dairekta akasogea mpaka simu ikakaribia shavu la mama yake. "Watu ni wengi sana hapa, mama," akanong'ona. "Jibu kwa sauti."

Mama mkwe alinitazama. Nilijaribu kuweka usoni kitu ambacho kingemsaidia, lakini sikujua ni kitu gani. Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa ameshaanza kutabasamu, kama mtu anayesubiri kusikia jibu analolijua.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia Dairekta, "zima kwanza hiyo simu."

Dairekta hakuzima. Alichojibu mama nitawaambia wiki ijayo.